Moyo Wangu Ni Mzima, Mbona Nakufa?

Mbukwenyi, wazee wetu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, akina mama, akina baba, wanafunzi wa vyuo, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioacha kijiwe ili mje kunisikiliza: asanteni sana. Jua la Oktoba hapa Dodoma mnalijua wenyewe na ukumbi umejaa, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye lililonileta.

Sisi tunaohudumu kliniki za afya ya akili tunamfahamu mgonjwa fulani anayekuja na bahasha. Anaifungua, anapanga karatasi mezani moja moja: kipimo cha moyo cha ECG, picha ya kifua, sukari, malaria, wingi wa damu, hata utrasaundi ya tumbo. Karatasi zote zinasema hakuna ubaya. Akimaliza kuzipanga anakutazama na kuuliza: "Daktari, kama moyo wangu ni mzima, mbona nakufa?"

Huyu haigizi. Amekwisha kukimbizwa hospitali usiku kwa gari la jirani, na si mara moja. Amepimwa, ameambiwa "huna tatizo, punguza mawazo," amerudishwa. Nyumbani wale waliokatiza usingizi wao kumpeleka wameanza kuchoka. Yupo anayesema anadeka, yupo anayesema karogwa. Mwenyewe hajui ashike lipi, maana kilichompata kifuani kilikuwa cha kweli kabisa.

Nimekuja kusema kwamba mtu huyu anaumwa. Neno "huna tatizo" linamwumiza zaidi, kwa sababu linamwacha peke yake na kitu asichokielewa. Ugonjwa wake unajulikana: ni ugonjwa wa hofu kali ya ghafla. Namna unavyofanya kazi inaeleweka, na unatibika vizuri kuliko mengi tunayohangaika nayo pale kliniki.

Kupaniki kila mtu hupaniki. Lori likikukosakosa barabarani lazima moyo uruke. Ninayoizungumzia mimi ni hofu inayokuja bila lori, bila nyoka, bila mtu wa kukufukuza. Mtu yuko kwenye daladala anarudi zake Kisasa, au yuko kanisani kwaya inaimba, au anachagua nyanya soko la Majengo, au amelala fofofo. Ghafla moyo unadunda mpaka anauona juu ya nguo. Kifua kinabana, hewa haitoshi, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, tumbo linavurugika, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinaingia ganzi. Wengine huona watu waliokaa nao wako mbali, na mikono yao wenyewe wanaitazama wasiitambue. Juu ya hayo yote linakuja wazo moja: nakufa sasa hivi. Au lile la pili, ambalo wengi wanaona aibu kulitamka: nakuwa kichaa, mbele za watu.

Hali hiyo hupanda kwa kasi. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, halafu huanza kushuka yenyewe. Naomba mlishike hilo, kwamba hushuka yenyewe, hata asipopewa kitu. Ndiyo maana hadi mgonjwa afike mapokezi na kuandikishwa, shambulio limeshapungua, na daktari anamkuta "hana kitu".

Na shambulio moja halitoshi kuitwa ugonjwa. Tafiti zilizofanyika katika nchi 25 chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani zilionyesha kwamba takriban watu 13 kati ya 100 wamewahi kupatwa na shambulio la namna hii japo mara moja maishani. Waliofikia kiwango cha ugonjwa hawakutimia 2 kati ya 100. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, karibu mara mbili. Tunasema ni ugonjwa pale mashambulizi yanapojirudia bila kutarajiwa, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa lijalo, au akaanza kubadilisha maisha yake ili alikwepe.

Sasa tuingie mwilini, maana hapa ndipo uponyaji unapoanzia. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, na kazi yake ni ya mlinzi wa usiku. Simba akisogea, mlinzi anapuliza filimbi na boma zima linaamka. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili damu ifike kwenye mapaja, pumzi inakwenda haraka, jasho linatoka kupoza mwili, tumbo linasimamisha kazi yake. Wazee wetu waliochunga ng'ombe huko Bahi wameokolewa na mpangilio huu, nasi tumezaliwa kwa sababu wao walipona. Kwa mgonjwa wetu mlinzi anapuliza filimbi kwa mbuzi aliyekatiza. Filimbi ni ile ile na boma linaamka vile vile. Mbio za moyo ni za kweli, jasho ni la kweli. Simba ndiye hayupo.

Pumzi nayo ina mambo yake. Mtu akihema haraka bila kukimbia wala kubeba mzigo, anatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Kemikali ya damu inabadilika kidogo. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inajibana, hapo kizunguzungu kinaingia. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua, na ganzi ya midomo na vidole inatokea. Akiendelea kuhema hivyo, vidole vinajikunja vyenyewe na kiganja kinakakamaa.

Viongozi wetu wa dini, najua viganja vya namna hiyo vimeombewa sana katika mji huu. Mimi ni muumini na sikuja kubishana na maombi. Ninachosema ni kwamba kiganja kilichokakamaa wakati binti anahema kwa kasi kina maelezo ndani ya damu na hewa, na pumzi ikitulia kinanyooka. Watu wanne wakimkamata na kumpigia kelele, anahema zaidi na vidole vinazidi kujikunja, na waliomzunguka wanazidi kuamini walichokuwa wanaamini. Mketisheni. Punguzeni watu. Mmoja mwenye sauti ya upole akae naye, amwambie kwamba hali hii inapita, ahesabu naye pumzi za polepole, kutoa hewa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Msimmwagie maji. Msimfunge mfuko mdomoni, kwa sababu kama kumbe ni pumu au moyo, mnaweza kumdhuru. Kuomba mnaweza kuomba, kwa sauti ya chini.

Na wale wanaoogopa kuzimia: wakati wa shambulio presha kwa kawaida hupanda, na ili mtu azimie presha inabidi ishuke. Kizunguzungu kipo, kuanguka chini ni nadra. Nimeona nyuso zikibadilika kwa kusikia hilo tu.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza kitu kilichobadilisha tiba ya ugonjwa huu. Alisema kinachowasha moto ni tafsiri. Watu wawili wamepanda ngazi ofisini kule Mtumba saa nane mchana. Mioyo yote miwili inakwenda mbio. Mmoja anasema, "Hizi ngazi jamani." Mwingine anasema, "Moyo unasimama." Huyu wa pili anaogopa, hofu inaongeza adrenalini, adrenalini inaongeza mbio za moyo, na mbio hizo anazichukua kama ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Anazunguka humo humo hadi kileleni. Kwa hiyo kinachoogopwa hatimaye ni mwili wenyewe: joto, kahawa kali, kukimbilia basi, hata furaha ya harusi, chochote kile kinachogusa mapigo ya moyo.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya waoga. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamika moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, huku yeye haoni ugonjwa wa moyo wa kueleza hali hiyo. Wanaume hao walikuwa wamesimama mbele ya mizinga. Ukiyasoma maelezo yake leo, mengi unayakuta kwa wagonjwa wetu.

Nichukue sasa mfano wa dereva wa lori. Si mtu mmoja. Nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Shambulio la kwanza lilimkuta usiku akishuka mlima Sekenke kuelekea Shelui, saruji nyuma. Aliegesha pembeni, akamwamsha utingo, akaomba maji, akaanza kuagiza watoto wake watunzwe. Baada ya nusu saa alikuwa ameketi kwenye usukani, amechoka, mzima. Safari iliyofuata, alipofika Misigiri tu moyo ukaanza. Akamwomba dereva mwenzake amvushe. Baadaye akaomba apangiwe njia ya Iringa. Huko nako likamkuta karibu na Mtera. Akaacha safari ndefu, akabaki na tripu za mchanga hapa mjini. Kisha foleni nayo ikawa shida. Mwisho akakaa nyumbani, na mkewe akawa anauza maandazi kulisha familia.

Tazameni kila hatua aliyochukua. Hakuna ya kijinga. Kila alipokwepa alipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfundisha vibaya yule mlinzi: tumekimbia, tumepona, basi simba alikuwepo kweli. Kesho yake anapuliza mapema zaidi. Mimi naamini, na nalisema kwa uzito, kwamba shambulio huchukua dakika chache za mtu lakini kukwepa ndiko kunakomchukua mzima mzima: kazi yake, ndoa yake, safari zake za msibani.

Kukwepa kwingine ni kudogo, hata familia haikuoni. Chupa ya maji isiyotoka mkononi. Kujishika mapigo kila saa. Kupima presha mara kwa mara kwenye duka la dawa. Kukaa kiti cha mlangoni kila mahali. Kutotoka bila mtu wa kusindikiza. Wapo wanaokwenda Dar es Salaam kwa basi, saa nyingi barabarani, wakati treni ya SGR imekuwa ikitufikisha tangu 2024. Wanaikataa kwa sababu treni huwezi kumwambia dereva "shusha hapa", na kule Kilosa inaingia kwenye mahandaki. Ukimuuliza atakuambia anapenda kuona mandhari.

Tiba, basi. La kwanza ni vipimo, na hapa sitaki mtu atoke ukumbini akijiambia maumivu ya kifua ni hofu tu. Mara ya kwanza nenda hospitali. Na kama maumivu yanakuja unapofanya kazi nzito na kuisha ukipumzika, au yanapanda taya na mkono, au umezimia, au una sukari au presha, au umri umekwenda, usisubiri. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pumu, sukari kushuka, mapigo ya moyo yasiyo sawa, vyote vinaweza kufanana na hofu. Vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi na bangi vinaweza kuwasha shambulio. Mwambie daktari ukweli. Lakini vikishapimwa vizuri na kuwa salama, kurudia ECG kila mwezi kunageuka kuwa kukwepa kwa namna nyingine.

Tiba yenyewe ina njia mbili kuu, na zinaweza kwenda pamoja. Moja ni tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi fikra na mwenendo. Kwa kawaida ni vikao vya kila wiki kwa muda wa miezi michache, na haina maana ya kukaa na kusimulia matatizo ya utotoni. Ni kazi. Mgonjwa anachora mzunguko wake mwenyewe: nilihisi nini, nikajiambia nini, nikafanya nini. Halafu tunazitafuta zile hisia kwa makusudi. Tunamzungusha kwenye kiti hadi apate kizunguzungu. Tunamwambia apumue kupitia mrija. Anakimbia papo hapo mpaka moyo uende mbio, kisha anakaa chini na kuungoja ushuke, bila maji, bila kujishika mapigo. Wengi hulia siku ya kwanza. Lakini mwili unajifunza kwa kupitia jambo, na hakuna maneno yangu yanayoweza kumfundisha mlinzi yule kama dakika hizo chache ambazo simba hakuja.

Kisha tunatoka nje. Dereva wetu alianza kwa kukaa ndani ya lori lililozimwa, hadi hofu ikapungua yenyewe. Halafu akawasha. Halafu mizunguko ya mjini. Halafu Bahi, na dereva mwenzake kando kwa usalama, kwa sababu usukani wa gari kubwa si mahali pa kujaribia peke yako. Akarudia Bahi mpaka ikamchosha. Ndipo Manyoni, Ikungi, Singida. Kanuni ni kwamba usiondoke hofu ikiwa kileleni. Baki mpaka ianze kushuka, maana ukiondoka juu unaondoka na somo la zamani. Sekenke ilikuja mwishoni. Moyo ulikwenda mbio na akashuka nao.

Njia ya pili ni dawa. Zinazotumika kwanza ni zile zinazoitwa pia dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline. Jina hilo lisikutishe; zinafanya kazi kwenye hofu pia. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa sababu siku za mwanzo zinaweza kuongeza kutetemeka na wasiwasi, na mgonjwa asiyeambiwa hilo huziacha siku ya tatu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita. Ukishapata nafuu unaendelea, mara nyingi miezi 6 hadi mwaka au zaidi, na kuziacha ni polepole, kwa kuelekezwa na daktari. Kichefuchefu, usingizi kubadilika, hamu ya tendo la ndoa kupungua: yaseme, yana ufumbuzi. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema. Na kijana anayeanza dawa hizi akipata mawazo ya kujiua, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Diazepam ni habari nyingine. Inatuliza haraka, na ndilo tatizo lake. Ikitumika kila siku, ndani ya wiki chache mwili unaizoea, dozi inataka kupanda, na ukiiacha ghafla hofu inarudi kwa nguvu zaidi. Kwa aliyeitumia muda mrefu degedege linaweza kutokea. Mwenye kuendesha chombo cha moto inamsinzisha. Naumia ninapokutana na mama aliyekuwa akinunuliwa vidonge hivi bila cheti kwa miaka, kila mtu akidhani anamsaidia. Pombe iko kundi hilo hilo. Mvinyo wetu wa zabibu za hapa au chochote kile, unatuliza jioni, na asubuhi pombe inapotoka mwilini moyo unakwenda mbio kuliko jana.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo wa mikoa mingine hawana. Mirembe iko mjini kwetu tangu enzi za Mwingereza, na tumelifanya jina lake kuwa tusi. Mtoto akikosea anaambiwa atapelekwa Mirembe. Matokeo yake, mtu anayeishi karibu kabisa na hospitali ya taifa ya afya ya akili anapanda basi kwenda kutibiwa mkoa mwingine, asije akaonekana getini. Ugonjwa wa hofu hutibiwa kama mgonjwa wa nje: unakuja kliniki, unaongea na mtaalamu, unarudi kazini kwako. Hulazwi wodini kwa kupaniki, na ugonjwa huu haugeuki kuwa ukichaa hata ukikaa nao miaka. Nawaomba wazazi, tusi hilo liishe majumbani mwenu, kwa sababu mwanao akianza kupatwa usiku atakumbuka ulivyolitumia.

Akina baba mnaouguza, msimwambie "acha woga". Na msiende upande wa pili mkamfanyia kila kitu, mkaenda sokoni kwa niaba yake, mkamsindikiza hata bombani. Kwa upendo mnamsaidia kukwepa. Ulizeni mtaalamu hatua aliyopo wiki hii, mumsindikize hadi hapo, kisha mumwache aimalize. Na akianza kusema maisha hayana maana, hilo halisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu sonona mara nyingi hutembea pamoja na hofu hii.

Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya rufaa ya mkoa, au moja kwa moja kliniki ya Mirembe. Beba bahasha yako ya vipimo. Ukifika kwa daktari usiishie kusema "kifua kinabana", maana utapewa ECG nyingine. Mwambie hivi: linanijia ghafla, linafika juu ndani ya dakika chache, linashuka lenyewe, nimepimwa vitu hivi, na tangu lianze nimeacha kufanya hiki na hiki. Orodha ya ulivyoviacha iandike nyumbani kabla hujatoka, na usifiche hata kimoja, kwa sababu tiba yako itaanzia kwenye orodha hiyo.

Sasa nipo kwa maswali. Asiyetaka kuuliza mbele za watu, nitabaki hapa baada ya kikao.